Ndoano kabla ya shule



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja wa upande wa Mokoto aliuliza swali ambalo lilizunguka ukumbi mzima bila kupata jibu. Tangu watu warudi kutoka Goma, alisema, watoto wanaofuata wazazi kwenye mashamba ya karibu na maziwa wanakwenda na nyuzi na ndoano mfukoni. Wanakaa pembeni ya maji nusu siku wakivua visamaki visivyojaza kiganja. Je, tuwakataze? Wengine walisema ndiyo, mtoto wa shule hana kazi majini. Wengine walicheka, wakasema afadhali ndoano kuliko kuzurura sokoni. Mimi niliinua mkono, kisha nikaushusha. Jibu langu lilikuwa refu, na lina sehemu ambayo ni ngumu kuisema mbele ya watu. Nimeona niliandike.

Wengi wenu mliipita njia ile ile, kwa hiyo sitairefusha. Mwisho wa Januari 2023, vita ilipoingia Kitshanga, tulishuka Burungu, Kilolirwe, mpaka Sake, na kutoka Sake mpaka Bulengo, karibu na Goma, penye mawe meusi ya volkano na ziwa Kivu chini yake. Mimi nilikuwa na watoto wangu wawili, sufuria moja, na mfuko wenye diploma yangu ya ISP, Biolojia-Kemia. Nawaomba mkumbuke hiyo Biolojia-Kemia. Itarudi.

Baada ya miezi michache tulikuwa walimu wanne wa kutoka huku kwetu, tukafungua darasa chini ya turubai. Hakuna aliyetulipa. Mzazi aliyekuwa na kikombe cha unga alileta kikombe cha unga. Ubao ulikuwa mlango wa nyumba ya mtu, sijui ya nani. Nilipewa watoto wa miaka 10 mpaka 14, wote mchanganyiko, na nilikuwa na kaye moja ya kuandika majina. Kaye ile ndiyo iliyonitia hasira, maana kila asubuhi nilikuta alama za kukosa upande wa wavulana, na baadaye upande wa wasichana pia.

Kijana mmoja alikuwa na miaka 12, mwepesi sana wa hesabu. Alikuja saa nne, saa tano, siku nyingine hakuja kabisa. Na akija alinuka samaki. Siku moja nilimsimamisha, nikamwambia atoe vitu vyote mfukoni. Alitoa kipande cha mti kilichozungushiwa uzi wa nailoni, na kwenye ncha ya uzi ndoano ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Nikaichukua, nikatembea nayo mpaka chooni mbele ya darasa zima, nikaitupa shimoni. Nilijiona nimefanya kazi ya mwalimu.

Hakulia. Dada yake ndiye aliyelia, wa miaka 11, aliyekaa safu ya mbele. Akaniambia: “Mwalimu, sasa jioni tutakula nini?”

Nilimaliza somo. Sikumbuki lilikuwa somo gani. Jioni nilikwenda kwenye hema lao, nikamkuta mama yao amelala na homa, na watoto wengine wawili wadogo. Ugali ulikuwepo kidogo. Mboga ndiyo ile niliyoitupa chooni.

Kesho yake baada ya darasa nilimwomba yule kijana anionyeshe mahali. Tulishuka kwenye mawe. Ninyi mnaojua Bulengo mnajua mawe yale, meusi, yana matundu matundu kama mkate, yanakata kambambili na yanakata mguu ndani ya kambambili. Pale kwenye maji, kwenye jiwe moja tambarare, alikaa koko mmoja wa Kihavu, mwenyeji wa pale, na fimbo ya tete mkononi. Kila mtoto wa kambi alimwita Koko tu. Hakugeuka kutuangalia. Akasema: “Mama mwalimu, kaa nyuma. Kivuli chako kinaingia majini.”

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Samaki wa mawe wanaishi karibu kabisa na ukingo, kwenye maji ya goti au ya kiuno, katikati ya mawe. Wanakula majani yale laini ya kijani yanayoota juu ya jiwe, na vidudu. Wanamwona mtu kuliko mtu anavyowaona. Kivuli kikianguka juu yao, wote wanaingia chini ya mawe na utakaa robo saa bila kuguswa. Kwa hiyo unakaa nyuma ya ukingo, jua likiwa mbele yako, unatulia kama uko kanisani.

Nilinunua ndoano nyingine kwa franga 200, nikamrudishia kijana deni lake, na yangu moja pia. Koko alinifundisha kufunga. Uzi ni ule mwembamba kabisa unaopatikana, maana uzi mnene samaki anauona. Urefu wake hauzidi fimbo yako. Ndoano ndogo ya mwisho dukani, kwa sababu mdomo wa samaki yule ni mdogo kuliko ncha ya kidole kidogo. Juu ya ndoano, kama vidole vinne hivi, unafunga uzito kidogo. Sisi tulitumia nati ndogo ya pikipiki, kwa sababu kitu kikubwa kinaingia kwenye tundu la jiwe na hakitoki tena. Juu zaidi, kipande cha kambambili kuukuu kimekatwa mduara, ili kielee. Chambo ni minyoo ya udongo iliyokatwa vipande vidogo sana, au panzi, au donge la ugali lililokandwa mpaka likawa gumu. Na kabla ya kuanza, Koko aliponda kile kimwiba cha nyuma cha ndoano kwa jiwe, kikalala. Nilimuuliza kwa nini, si samaki watatoroka? Akasema samaki wengine watatoroka, lakini vidole vya watoto vitatoka bila kisu. Alikuwa ameshatoa ndoano kwenye vidole vingi.

Samaki yule hamezi kama kambale. Anadonoa. Unaona kambambili inatetemeka mara mbili, tatu, haizami. Ukivuta kwa nguvu, umetoa chambo mdomoni mwake na umekunja bure. Koko alikuwa anainua fimbo kidogo tu, kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria kuangalia, na samaki alikuwa amekwisha kushikwa. Mimi siku ya kwanza nilipata mmoja na kupoteza ndoano mbili kwenye mawe. Kijana wangu wa hesabu alipata kumi na tisa. Alinihesabia kwa sauti, moja baada ya nyingine, na sikumlaumu.

Niwaambie kidogo juu ya hao samaki, maana mwalimu hawezi kujizuia. Sambaza wanaovuliwa usiku kwa taa, na wavuvi wanaoimba ndani ya mitumbwi, si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950. Lakini hawa wa mawe ni wa Kivu wenyewe. Wako wa namna kama 15 hivi, dume ana rangi kama kitenge kipya na jike ana rangi ya udongo. Ukimsafisha, tia kidole kooni mwake: utagusa meno. Ana taya la mdomoni la kukwangua, na taya la pili kooni la kusaga. Katika bahari kuna samaki wengine wa mawe, wa ukoo mwingine, nao wana taya la kooni vile vile. Nilisoma kwamba huko Ulaya watu wazima, wenye kazi zao, wanakaa kwenye miamba ya bahari na fito nyembamba kuvua hao wadogo, wanawapiga picha, halafu wanawarudisha majini. Nilipowasomea watoto, msichana yule wa safu ya mbele aliuliza kama hao watu wana homa.

Lakini sisi pia tulikuwa na samaki wa kurudisha. Jike wa samaki hawa hatagi mayai akaondoka. Anayabeba mdomoni, na yakianguliwa anawabeba watoto mdomoni, wiki mbili au tatu, na siku hizo karibu hali kitu. Kwa kawaida hagusi ndoano, lakini mara moja moja anagusa. Unamjua kwa koo lililovimba. Siku moja mwanangu wa mwisho alimtoa mmoja, na samaki akafungua mdomo juu ya jiwe, vikamwagika vitu vidogo kama mbegu za lengalenga, vyenye macho. Koko alivikusanya na maji ya kiganja, akavirudisha ziwani pamoja na mama yao. Mwanangu alikasirika sana. Alisema ni samaki wake, na alikuwa na njaa, na kwa kweli alikuwa na njaa. Koko hakubishana naye. Alimpa mmoja wa kwake, mkubwa kidogo. Tangu siku hiyo sheria ikawa ile, mwenye koo lililovimba anarudi, na mimi nilikuwa wa kwanza kuisimamia. Nakubali kwamba kuna jioni niliona sheria hiyo ni ya watu walioshiba.

Hivyo ndivyo wiki zilivyopita. Samaki ishirini wa urefu wa kidole, wakikaangwa kwenye mawese mpaka mifupa ivunjike mdomoni, wanapeleka ugali wa watu watano. Sisemi wanashibisha. Wanapeleka. Na kwa mtoto ambaye kwa miezi alikuwa anakula unga na chumvi, hicho ni kitu.

Sasa nafika mahali pa kuandika taratibu.

Mimi bado nilikuwa na kaye yangu. Nilikuwa nimekubali ndoano, lakini sikukubali kukosa shule. Nikatafuta njia ya katikati, nikaipata, na niliipenda sana njia yangu. Niliwaambia watoto wote: kuvua ni kabla ya shule. Nendeni alfajiri, saa kumi na moja, giza likianza kutoka. Saa mbili kamili nataka kila mtu chini ya turubai, mikono imenawa. Atakayekuja saa tatu hatakanyaga mawe siku tatu. Watoto walitii. Kaye ilijaa. Walimu wenzangu walinisifu, wakachukua sheria ile ile kwa madarasa yao. Hata Koko nilimweleza, naye alitikisa kichwa tu, nikafikiri anakubali.

Baada ya siku chache yule msichana wa safu ya mbele aliniletea kopo la maziwa kuukuu, limejaa panzi. Siyo panzi wawili watatu, kopo zima. Akasema amepata mahali ambapo panzi hawaruki. Wamelala chini, unaokota tu kama maharagi. Ni katika bonde dogo kati ya mawe, hatua chache kutoka njia ya kwenda majini. Nilimsifu mbele ya wote. Nilisema: mnaona, huyu anatumia macho yake.

Wamama wa Goma mngekwisha kuruka kwenye kiti. Mimi ni mtu wa Kitshanga, nilimsifu.

Asubuhi ilipofuata hakukuwa na upepo hata kidogo. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro. Mimi nilikuwa hemani nikiwasha moto. Yaliyotokea nilielezwa na kijana, kaka yake. Dada yake aliteremka kwenye lile bonde na kopo, akainama kuokota. Akakaa. Kaka yake alifikiri anacheza. Akalala. Alimwita, hakujibu, akaanza kuteremka kumfuata. Koko alikuwa anakuja na jagi lake la maji. Aliangusha jagi, akamshika kijana kwa shati kwa nyuma, akamtupa juu ya jiwe, akamkalia. Kijana alimpiga, alimwuma mkono. Koko hakumwachia. Alipiga kelele neno moja, mazuku, mpaka mvuvi mmoja kijana akaja mbio kutoka kwenye mitumbwi.

Yule mvuvi alijua. Koko alifungua kitenge chake, wakakifunga kiunoni mwa mvuvi, akavuta pumzi akiwa bado juu, akaifunga, akashuka, akamshika mtoto mikono miwili, na Koko na kaka yake wakavuta kitenge. Kaka yake anasema ilikuwa haraka kuliko kuhesabu mpaka ishirini. Walimpeleka juu penye wazi, wakamlaza, na akapumua. Alitapika. Alilalamika kichwa siku mbili. Alipona.

Miezi hiyo hiyo tulisikia juu ya wengine, karibu na kambi, ambao hawakupona.

Nilifika pale nikiwa na kaye mkononi. Sijui kwa nini niliibeba. Nilipoambiwa ni mazuku, na mazuku ni nini, niliketi chini. Maana, wamama, nilijua. Mazuku ni gazi ya kaboniki. Inatoka ardhini kwenye nchi ya volkano, haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatiririka kama maji na kujaa mabondeni, shimoni, kwenye matundu ya mawe. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake kichwa kikiwa juu, na mtoto aliyeinama akawa ameingia mzima. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wala jua, inatulia na kujaa. Mchana upepo unaipunguza, ingawa kuna mashimo ambayo haitoki hata mchana. Panzi walikuwa hawaruki kwa sababu walikuwa wamekufa.

Hayo yote, isipokuwa jina la mazuku, nilikuwa nimeyafundisha hapa Kitshanga. Kila mwaka nilimwaga gazi ya kaboniki kutoka glasi moja kwenda nyingine mbele ya darasa, nikazima mshumaa bila kuupuliza, watoto wakapiga makofi. Nilijua uzito wake kwa tarakimu. Na nikachagua saa kumi na moja ya alfajiri, nikawatuma watoto themanini kwenye mawe yale, kwa ajili ya kaye.

Siku ile jioni nilimwuliza Koko kwa nini hakuniambia nilipomweleza juu ya sheria yangu. Hakuwa na hasira. Alisema: “Mwanangu, wewe ni mwalimu. Niliwaza unajua. Nikasema labda mna dawa yake shuleni.” Kumbe alitikisa kichwa akiniheshimu. Watoto wa pale wanazaliwa wakijua bonde lipi halishukwi. Haikumjia kwamba mtu aliyesoma anaweza kutojua kitu ambacho mtoto wa miaka mitano wa Bulengo anajua. Na mimi haikunijia kumwuliza mwenyeji chochote, isipokuwa kufunga ndoano.

Kwa mama wa yule msichana nilikwenda usiku ule ule. Nilimwambia yote, na kopo la panzi, na kwamba nilimsifu. Wengine waliniambia nisiseme habari ya kopo, kwamba haitasaidia. Alinisikiliza akiwa amelala. Hakunitukana. Alisema: “Asante kwa kusema,” akageukia ukuta wa hema. Kwa wiki tatu hakumtuma mtoto darasani, na hakunisalimia kwenye mstari wa maji. Mstari wa maji ulikuwa mrefu, mnaukumbuka, mara nyingine saa mbili nilisimama nyuma ya mgongo wake. Leo ni mwanachama mwenzetu. Nimeandika haya baada ya kumwomba ruhusa. Alisema niandike, ila nisitaje jina la mtoto, na nisiandike kwamba amenisamehe, kwa sababu bado hajaamua. Basi nimeandika alivyosema.

Baada ya siku ile tulibadilisha mambo. Darasa lilianza saa moja na nusu na kumalizika saa sita, na kuvua kukawa alasiri, jua likiwa limepanda na upepo wa ziwa umeanza. Samaki alasiri wanakula kidogo kuliko asubuhi. Tulikula kidogo kuliko zamani. Tulitembea na Koko na vijana wawili wa pale, wakatuonyesha mabonde, moja moja, nasi tukayawekea mawe yaliyopakwa chokaa. Watu wa OVG, wale wanaochunguza volkano Goma, wana vibao vyao sehemu nyingine za upande ule. Palipokuwa na kibao tuliwapeleka watoto wakisome kwa sauti. Na nilirudia somo la mshumaa chini ya turubai, kwa siki na soda ya mandazi, safari hii Koko akiwa amekaa mbele. Mshumaa ulipozimika alicheka, akasema: “Ndiye huyo. Ndiyo sura yake.” Watoto walimpigia makofi yeye.

Mwanzoni mwa 2025 kambi zilibomolewa, tukarudi na mizigo kichwani kama tulivyokwenda. Koko alibaki kwake. Alimpa mwanangu fimbo yake ya tete, ambayo ilivunjika Sake, na ndoano sita ndani ya karatasi ya sabuni, ambazo bado ninazo.

Sasa swali la mama wa Mokoto. Mimi sitamkataza mwanangu. Mkimkataza mtoto ndoano atakwenda na kipande cha chandarua, na chandarua kinakomba hata wale wenye macho tu, na baada ya miaka miwili hakuna samaki wa kugombania. Ndoano inachukua mmoja mmoja, na mwenye koo lililovimba anaweza kurudi. Ila mtoto asiende peke yake, wala alfajiri, wala usiku. Asishuke kwenye shimo wala bonde ambalo wenyeji hawashuki, hata kama kopo lake limeanguka humo. Akiona panzi, mjusi, ndege au mbuzi amekufa chini bila jeraha, arudi alikotoka akipanda, siyo akishuka. Akimwona mwenzake ameanguka, asimfuate. Apige kelele. Hilo la mwisho ni gumu kumfundisha mtoto anayempenda ndugu yake, na njia pekee niliyoipata ni kulirudia kama tunavyorudia hesabu za kuzidisha. Na kabla ya yote, yule mama au mimi au yeyote atakayewapeleka, aende kwanza kwa wazee wanaokaa kando ya maziwa, akae chini, aulize wao wanaogopa nini pale. Halafu anyamaze asikilize, hata kama ana diploma.

Kule Mokoto si mawe matupu kama Bulengo, kuna matete na matope, kwa hiyo uzito wa nati utazama. Nafikiri kufunga jiwe dogo jepesi badala yake, au kuacha bila uzito. Mwenye ujuzi wa maji yale aniambie.

Nimekwisha kuzungumza na wazee wawili wa upande ule, na wa tatu nitamwona siku ya soko. Wakikubali na njia ikiwa tulivu, Jumamosi ijayo nitapanda na watoto wangu na wale wa darasa wanaotaka. Hatutaondoka kabla ya saa tatu. Mama anayetaka kumtuma mtoto aje naye mwenyewe mpaka kwenye duka la sabuni, anione uso kwa uso, aniambie jina la mtoto na kama anajua kuogelea. Ndoano ni sita. Uzi kila mmoja aje na wake.